Uani kwetu ni mawe matupu, mboga nitazipandaje?

SWALI: Assalamu alaykum. Mimi ni mama wa watoto watano, naishi Jambiani na mume wangu na mama mkwe. Nyuma ya nyumba tuna uwanja wa hatua kumi na mbili kwa nane hivi, lakini ni jiwe tupu. Udongo ni kiganja kimoja, kisha jembe linagonga. Januari iliyopita nilinunua mbegu za pakti, nikatia tungule (nyanya), karoti na mchicha. Karoti hazikuota, tungule zilikauka, mchicha uliota ukageuka manjano. Jirani akanambia nitie jivu. Nikatia kila wiki, manjano yakazidi. Maji ya mfereji yanakuja siku mbili tatu kwa wiki. Kisima tunacho, lakini kina chumvi kidogo. Kila siku natoa shilingi elfu tatu za mboga. Mume wangu anasema nikitaka bustani basi kuku wauzwe. Kweli huku maweni mtu anaweza kuilisha nyumba kwa mboga za uani? Nianzie wapi?

JIBU: Waalaykumu salaam warahmatullah, mwanangu.

Jivu liache leo. Jirani yako hakukutakia ubaya, kwani kwenye udongo mchachu, kama ule mwekundu wa mashamba ya mikarafuu, jivu linasaidia. Kwako linaumiza. Jiwe unaloligonga hapo uani ni la matumbawe, na matumbawe ni chokaa. Ndilo hilo linalochomwa kwenye tanuri watu wakapata chokaa ya kujengea. Udongo wako umeshiba chokaa tangu babu zako hawajazaliwa. Jivu nalo kazi yake ni ile ile, kuuondolea udongo uchachu. Uchachu ukipungua kupita kiasi, chuma kilichomo udongoni kinajifunga, mizizi haiwezi kukinywa, na jani lisilopata chuma halishiki kijani chake. Ndiyo maana kila ulivyozidisha jivu, manjano nayo yakazidi.

Ila manjano si ya namna moja, na inafaa ujifunze kulisoma jani, maana ndilo litakalokuwa linakupa habari kila siku. Majani machanga ya juu yakiwa manjano huku mishipa yake imebaki kijani, kama wavu uliotandazwa, hapo tatizo ni chuma. Majani ya chini, yale ya zamani, yakianza kupauka jani zima na ya juu yako salama, hiyo ni njaa ya samadi. Ncha na kingo zikikauka rangi ya kahawia kama zilizopitiwa na moto, hiyo ni chumvi. Kwa ulivyoeleza, mchicha wako ulikuwa na tatizo la kwanza, na sitashangaa ikiwa la tatu lilijipenyeza. La kwanza na la pili yanatibiwa kwa kitu kimoja, mboji na samadi iliyooza sawasawa. La tatu linatibiwa na maji, nitafika huko.

Mimi ni mzaliwa wa Pemba, upande wa Wete, ambako ukichomeka kijiti na kugeuka nyuma unakuta kimechipua. Nilipoletwa kusini Unguja kwa kazi ya ubibi shamba, moyoni nilijisemea hawa watu wavivu. Kisha siku moja nikapewa mtaimbo nichimbe shimo la mpapai. Asubuhi nzima, shimo halijafika magotini, mikono imejaa malengelenge. Tangu siku hiyo sijamwita mtu wa maweni mvivu. (Wapemba wa Micheweni watanicheka. Wao jiwe wanalo kwao, hawakuhitaji kuvuka bahari kulijua.)

Inawezekana, mwanangu, lakini si kwa njia uliyoanza nayo. Ulianza na Januari, wakati wa kiangazi, jua limesimama utosini. Ulianza na tungule na karoti. Na ulianza na udongo ulioukuta. Yageuze yote matatu.

Karoti zisahau kabisa. Inataka udongo laini wa kina cha mkono, haipendi jiwe, haipendi chumvi, na sokoni si ghali. Kabichi nayo usiihangaikie: inakaa miezi mitatu mahali pamoja, inaliwa siku moja. Tungule sikukatazi, ila ziwe za mwisho. Tungule inakaa shambani karibu miezi mitatu tangu mbegu, na kila mdudu anaipenda. Ikikufia siku ya sitini umepoteza miezi miwili na moyo umevunjika. Mchicha ukikufia umepoteza wiki mbili, unasia tena. Kwa hiyo majani kwanza. Watoto pia wanayahitaji hayo kuliko tungule, maana jani la kijani kibichi lina chuma na lina kile ambacho mwili unakifanya vitamini A. Ule mchicha wa nazi tunaoupika huku tangu enzi si wa ladha tu: vitamini A inataka mafuta ndipo mwili uichukue, na tui linayo. Kamulia ndimu kwenye sahani, na chuma nacho kinaingia vizuri zaidi.

Sasa nikutolee hesabu usije ukanilaumu baadaye. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu ale angalau gramu 400 za matunda na mboga kwa siku. Nyumba ya watu wanane, hiyo ni kilo tatu na kitu kila siku. Uani kwako hapatatoka zote, na anayekuahidi hivyo ana kitu anataka kukuuzia. Vitunguu, karoti na mbatata utaendelea kununua. Lakini majani ya mchuzi, bamia, bilingani na pilipili ndiyo yanayokula ile elfu tatu yako kila siku, na hayo yanaweza kutoka hapo hapo. Ukiyatunza matuta matatu, baada ya miezi mitatu minne tangu kusia tarajia siku nne katika wiki usinunue jani. Hiyo ndiyo ahadi yangu, zaidi ya hapo ni bahati na mkono wako.

Tuta lenyewe usilichimbe, lijenge juu ya jiwe. Mawe unayo bure. Yapange yazunguke eneo la upana wa mita moja na urefu wa mita tatu, kimo sentimita 30. Upana usizidi hapo, ili uifikie katikati kwa mkono kutoka pande zote mbili bila kukanyaga ndani. Udongo ukikanyagwa unashindiliwa na mizizi inakosa pumzi. Matuta matatu ndiyo mwisho wa mpango, lakini mwaka huu anza na moja. Nimeona wengi wakijenga matano kwa furaha ya wiki ya kwanza, na wiki ya sita kuku wanalala ndani yake.

Nusu ya chini ijaze makumbi. Ninasema makumbi ya nazi unazozifua hapo nyumbani, ukiyaloweka maji ya mfereji au ya mvua siku mbili tatu, kisha uyapange kama vibakuli vinavyotazama juu. Yanashika maji, yanaoza taratibu, na mizizi inayapenda. Yale yaliyofukiwa pwani kwa ajili ya usumba wa kamba usiyaguse hata ukipewa bure, yamekunywa bahari miezi.

Nusu ya juu, sentimita 15, inahitaji ndoo 23 hivi za lita 20. Mimi huchanganya ndoo 11 za udongo, sita za samadi na sita za mboji. Udongo mzuri kwako ni ule wa kinongo wa mashamba ya ndani. Tafuta mwenye gari la ng'ombe, gari moja linatosha tuta la kwanza na zaidi. Kile kiganja cha udongo ulichonacho uani kikwangue ukichanganye humo, usikitupe. Mchanga wa pwani usitie. Wala usiende kukwangua udongo wa msituni. Ule msitu wa Jozani una wenyewe, na wenyewe wana mikia.

Samadi ya mbuzi ndiyo rafiki yako huko. Ya kuku ni kali, lazima ikae imerundikwa miezi miwili kabla haijagusa mche. Hilo nilijifunza kwa aibu. Nilikuwa tayari nafundisha watu, nikatia ya siku tatu kwenye bilingani ishirini zangu mwenyewe. Kesho kutwa yake zilikuwa zimelala kama nguo zilizoanguka kambani, na wanafunzi wangu wanakuja kutazama shamba la mfano.

Mboji irundike pembeni, kivulini, kwa kuwa shimo huwezi kuchimba. Majani makavu, maganda ya ndizi na muhogo, majani ya kufagia uwanja, samadi kidogo, na maji ya kuilowesha iwe kama kitambaa kilichokamuliwa. Ifunike makuti, igeuze kila wiki mbili, na kama miezi mitatu itakuwa nyeusi na inanukia mvua. Chicha la nazi tia lakini lifukie katikati, la sivyo unawaalika panya. Utumbo wa samaki ni mbolea nzuri mno, ila juu ya tuta ni karamu ya paka wa mtaa mzima. Ufukie kwa kina chini ya mpapai, kwenye mfuko wa udongo wowote ulioupata kati ya mawe, na uweke jiwe juu. Mwani nao unafaa, ule unaotupwa na bahari, kwa sharti moja: utandaze juu ya mawe masika nzima mvua iuoshe chumvi, ndipo uuingize kwenye mboji, tena kidogo kidogo.

Tuje kwenye maji, na hapa nitakaa kidogo, maana watu wa upande wenu wanashindwa na maji kuliko wanavyoshindwa na jiwe.

Jua likiwa kali, mita mraba moja ya mboga inataka kama lita tano kwa siku. Tuta lako la mita tatu mraba ni lita 15, haijafika hata ndoo moja. Matuta yote matatu ni lita 45. Sasa fikiria nyumbani kwako watu wanatawadha mara ngapi kwa siku. Nyinyi watu wazima watatu na watoto wakubwa, ukiondoa wanaoswali msikitini na walioko skuli, hazikosi udhu ishirini hapo nyumbani. Sunna inatufundisha tusifanye israfu, lakini tuseme ukweli, kwa kopo mtu anamaliza lita mbili na nusu. Hizo ni lita 50 zinazomwagika kwenye jiwe kila siku, na ndizo zinazotosha matuta yako yote. Weka pahala pamoja pa kutawadhia, chini beseni pana, jioni yachote umwagie. Hayo maji ni tohara, ingawa hutatawadhia tena, na hayana sabuni. Ya kuoshea vyombo yapeleke kwenye mgomba. Ya kufulia yenye dawa ya kung'arisha nguo usipeleke popote penye mmea.

Kile kisima usikikatie tamaa, lakini usikiamini kwa kuonja tu. Chukua makopo mawili, tia udongo ule ule, sia kunde kumi kila kopo. Moja limwagie maji ya kisima, jingine ya mvua au ya mfereji. Baada ya wiki mbili kaa uyatazame. Yakilingana, kisima kinafaa kwa mboga nyingi. La kisima likiwa na miche michache na kingo zimeungua, basi kitumie kwa spinachi tu, ambayo asili yake ni mmea wa pwani na inavumilia chumvi kuliko mboga nyingine za bustani, na kwa minazi. Jaribio hilo lirudie mwezi wa pili, kwa sababu visima vya karibu na bahari huzidi chumvi kiangazi, maji matamu ya mvua yakishapungua chini. Na ukimwagia maji yenye chumvi, mwagia mengi kwa siku moja kuliko kunyunyiza kidogo kila siku. Kunyunyiza kunaiacha chumvi juu, kumwagia kwa wingi kunaisukuma ipite chini kwenye makumbi. Usiyarushie majani, mwagia shina, na iwe jioni au alfajiri.

Kisha kuna paa. Milimita moja ya mvua juu ya mita mraba moja ya bati ni lita moja. Bati la mita nane kwa sita, mvua moja nzuri ya milimita 20, ni lita 960. Toa inayoruka na kuvuja, bado unabaki na lita mia saba na kitu, kwa mvua moja. Kama hamna tangi, hata mapipa mawili chini ya mchirizi ni mwanzo. Mvua ya kwanza iache ipite, inaosha vumbi na kinyesi cha kunguru.

Majira uyafuate hivi. Jenga tuta na rundo la mboji kabla ya masika, Februari, kazi ya mawe inawezekana hata juani kama utaanza asubuhi. Masika, Machi hadi Mei, chomeka vijiti: kisamvu, matembele, mronge, maana mvua inakulelea bure. Mbegu ndogo usizisie kwenye mvua kubwa, zinasombwa. Mei ikiisha, baridi ya kipupwe ikianza, ndio wakati wako mkubwa. Juni hadi Septemba ni miezi ya mboga: jua pole, wadudu wachache. Shida yake ni upepo. Kusi kwenu inatoka moja kwa moja baharini ikibeba unyunyu wa chumvi, na jani changa linaungua bila wewe kujua limechomwa na nini. Upande wa baharini wa matuta simamisha ukuta wa makuti wa kimo cha kifua, usiwe mzito sana. Unaotoboka kidogo unauvunja upepo, ulioziba kabisa unaupandisha ukaangukia mboga kwa nguvu. Vuli inakupa mkono wa pili. Januari na Februari bakisha bamia, kunde na matembele tu, na kama umebakiwa na mchicha, uezeke makuti machache juu yake saa za mchana. Mimi kiangazi nilikuwa nampumzisha mkulima na udongo wote wawili.

Mchicha usiusie tuta zima siku moja, kosa la wote. Utakuwa na mchicha wa kugawia mtaa wiki moja, kisha mwezi mzima huna. Ligawe tuta mafungu matatu, sia fungu moja kila siku kumi. Mbegu zake ni vumbi, zichanganye na mchanga mkavu ndipo zitoke sawasawa, zifunike udongo mwembamba wa unene wa kucha. Wiki ya tatu punguza iliyosongamana, na hiyo unayoing'oa ndiyo mboga ya kwanza. Iliyobaki usiing'oe. Ikate kwa kisu juu ya majani mawili ya chini, itatoa matawi, utakata tena mara tatu au nne kila baada ya siku kumi hivi. Baada ya kukata tia konzi ya samadi na maji. Ikianza kukimbilia maua, imechoka.

Ukingoni mwa uwanja, penye nyufa za mawe zenye udongo, panda vya kudumu. Kisamvu kwanza. Usichukue kijiti cha mhogo wowote ulioukuta wenye majani yaliyojikunja na madoadoa, huo una batobato. Ulizia kwa bwana shamba wa kwenu mbegu za Kizimbani, Mahonda, Kama au Machui, ambazo watafiti wa kilimo wa Zanzibar walizitoa mwaka 2007 kwa ajili ya kuhimili maradhi ya mhogo. Mama mkwe nina hakika hahitaji kufundishwa, lakini wasichana wa siku hizi nawaambia: kisamvu kitwangwe hasa, kichemshwe kifuniko wazi, sumu yake itoke. Mronge mmoja unatosha, ukate kichwa kila ukifika kimo chako, la sivyo utachuma kwa ngazi. Matembele yaache yatambae juu ya mawe, hayaombi kitu. Penye mchirizi wa udhu, kama kuna pahala panabaki na majimaji, weka majimbi mawili matatu, futari ya mwakani ikukute unayo yako.

Kunde napenda kuzitia kwenye kila tuta baada ya mchicha kuchoka. Unachuma majani, unachuma kunde mbichi, na mizizi yake inaurudishia udongo nguvu. Ukimaliza kata shina, mizizi iache mumo humo. Bamia sita na bilingani nne zinatosha nyumba yako, msichoke kuzila. Pilipili mbuzi mbili tu, ya tatu ni ya jirani.

Tungule, basi, kwa kuwa najua utazipanda hata nikikataza. Sita, si zaidi. Sia kwenye kopo mwishoni mwa Aprili, chini ya bati mvua isizipige, zihamishe Juni mapema zikiwa na majani manne matano, jioni, ukizizika shina hadi karibu na majani ya kwanza. Zifunge kwenye fito. Majani ya chini yanayogusa udongo yakate. Na mahali palipokaa tungule usirudishe tungule, bilingani wala pilipili kwa misimu miwili mitatu. Ni ndugu wa tumbo moja, maradhi ya mmoja yanamsubiri mwenziwe udongoni. Ukiona jani limechorwa njia nyeupe na ndani mna kijidudu, lichume lichome moto siku hiyo hiyo, huyo ni kantangaze, akishazaliana hakuna dawa ya dukani ya kumtoa kwa urahisi.

Wadudu wengine usiwapigie kelele. Vidukari, wale wanaojazana chini ya jani, wapige maji yenye sabuni kidogo ya kufulia. Wakizidi, twanga kilo moja ya majani ya mwarobaini, loweka kwenye lita kumi za maji usiku kucha, chuja kwa kanga kuukuu, tia sabuni kidogo, nyunyizia jioni jua limezama, maana jua linaivunja nguvu dawa hiyo. Rudia baada ya siku tano. Konokono wakubwa waokote usiku kwa tochi, watoto wakipewa kazi hiyo wanashindana. Ila dawa ya mbu na ya kunguni, mwanangu, isifike kwenye chakula. Nimeona mtu akiipuliza kwenye mchicha, kisha anauchuma kesho yake kwa mchuzi.

Sasa kuku. Mwambie baba watoto wasiuzwe. Mayai ni kitoweo, na samadi yao ni mbolea ya nusu ya mpango huu. Uzio uweke kwenye bustani, si kwa kuku. Jambiani haikosi nyavu chakavu. Waombe wavuvi, wanazo zimerundikwa. Zisuuze maji ya mvua, zifunge kwenye fito za mkandaa au mti wowote mgumu, kimo kifike begani, na chini zikandamize kwa mawe ili kuku asichimbue kuingia. Sehemu ya juu ya nyavu iache ilegee, isikazwe. Kuku hupenda kutua juu ya kitu kilichokaza kabla hajarukia ndani. Kikiyumba chini ya miguu yake, anaghairi. Magugu unayong'oa na majani ya chini ya mchicha yaliyotobolewa na wadudu warushie huko huko nje. Wiki ya pili utawakuta wamekusubiri kwenye nyavu kila ukiinama na kisu.